Usikande uvimbe, usizibe utosi: Jinsi kichwa cha mtoto kinavyokua

Siku ya tatu baada ya dada yangu kujifungua mtoto wake wa kwanza, alinipigia simu alfajiri. "Njoo umwone mwanao kichwa," aliniambia, akakata.

Nilipofika, mtoto alikuwa amelala mapajani kwa mama yetu. Upande wa kulia wa kichwa, nyuma kidogo ya utosi, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa nusu limau. Ukiugusa unabonyea kama kifuko cha maji. Siku aliyozaliwa haukuwepo, au kama ulikuwepo basi hakuna aliyeuona.

Chumbani tulikuwa wanawake watano na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Mama alitaka ukandwe kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni mpaka ushuke. Jirani, mama wa watoto sita, alisema uvimbe kama ule hutobolewa kwa sindano, damu mbaya ikatoka, mambo yakaisha. Shangazi aliona mtoto amepigwa na upepo. Wote wakanigeukia mimi, mwandishi wa habari za afya, na mimi nilikuwa sijui.

Tulimpeleka kituo cha afya. Mkunga hakuubonyeza uvimbe. Alipitisha kidole taratibu kuuzunguka, kama mtu anayefuata mpaka wa shamba, kisha akasema umeishia kwenye ukingo wa mfupa, kwa hiyo hana wasiwasi sana. Tusiukande wala tusiutoboe. Tumwangalie mtoto asigeuke rangi kuwa wa njano, anyonye vizuri, na turudi baada ya wiki moja.

Umeishia kwenye ukingo wa mfupa. Maneno hayo nilitoka nayo, nikaanza kusoma. Nilichokipata kinaeleza mambo mengi ambayo wazazi tunayahangaikia kwenye kichwa cha mtoto: utosi unaodunda, utosi ulioingia ndani, kichwa kirefu, kichwa bapa, kichwa kikubwa.

Vipande vitano, si kibuyu

Wengi wetu tunalifikiria fuvu kama kibuyu, kitu kimoja kigumu kilichofunika ubongo. La mtu mzima linakaribia kuwa hivyo. La mtoto mchanga ni vipande. Paa la kichwa chake lina mifupa mitano mikubwa: miwili ya paji la uso, miwili ya juu pembeni, na mmoja wa kisogoni. Kati ya mfupa na mfupa kuna mstari mwembamba wa tishu laini, ambao hapa nitauita ungio. Pale maungio kadhaa yanapokutana, nafasi inakuwa pana. Hapo ndipo penye utosi.

Mtoto huzaliwa na nafasi sita za namna hiyo, ila unazoweza kuzihisi kirahisi ni mbili. Ya mbele, ambayo sote tunaiita utosi, ina umbo la tiara wanayorusha watoto. Ya nyuma ni ndogo, ya pembetatu, na mara nyingi hufunga mtoto akiwa na miezi miwili hivi, kabla hata wazazi wengine hawajajua kwamba ilikuwepo.

Kazi ya kwanza ya mapengo haya inaonekana siku ya kuzaliwa. Kichwa kinapopita njia ya uzazi, mifupa husogeleana, mingine hata kupandana kidogo, ili kipite. Ndiyo maana watoto wengi huzaliwa na kichwa kirefu kama embe, na baada ya siku chache kinarudi chenyewe. Bibi anayekiminya kila asubuhi "kukinyoosha" hupewa sifa ambayo mifupa ingeipata bila yeye.

Kazi ya pili ni kukua, na hapo ndipo tando zinapoingia.

Mifupa ya fuvu haiko uchi. Kila mfupa umevikwa utando pande zote mbili. Nje, chini ya ngozi ya kichwa, kuna utando mwembamba lakini imara uliong'ang'ania mfupa. Ndani, kati ya mfupa na ubongo, kuna utando mwingine mgumu zaidi unaoufunika ubongo wote. Mfupa umekaa katikati, kama mto ndani ya foronya. Na kila unapofika ukingo wa mfupa, pale kwenye ungio, utando wa nje umeshikwa pale kwa nguvu, kama foronya iliyoshonwa pindo.

Sasa rudi kwenye uvimbe wa mtoto wa dada yangu. Wakati wa kuzaliwa, msuguano ulikuwa umekata vimishipa vidogo vya damu kati ya mfupa na utando wake wa nje. Damu ikajikusanya humo polepole, ndiyo maana haukuonekana siku ya kwanza. Na kwa kuwa utando umeshonwa kwenye ukingo wa mfupa, damu ile haikuwa na pa kwenda. Inajaa juu ya mfupa mmoja na kuishia hapo. Mkunga alikuwa anatafuta pindo la foronya kwa kidole.

Hali hii huwapata mtoto mmoja au wawili kati ya 100, zaidi wale waliozaliwa kwa uchungu mrefu au waliosaidiwa kutoka kwa kifaa cha kuvuta kichwa. Damu hiyo hunyonywa na mwili wenyewe kwa wiki kadhaa, hata miezi mitatu. Inapovunjwavunjwa inaweza kumfanya mtoto awe na manjano, ndiyo sababu ya onyo lile la mkunga. Ukiitoboa kwa sindano, umefungua mlango wa vijidudu kwenye damu iliyotuama juu ya mfupa wa kichwa. Ukiikanda, unaweza kuongeza kuvuja.

Kuna uvimbe mwingine ambao si wa kusubiri hata saa moja. Huo hauheshimu mipaka ya mifupa. Unasambaa kichwa kizima, kutoka kwenye paji hadi kisogoni na kwenye masikio, unatikisika kama maji, na mtoto anapauka na kulegea. Huko damu imeingia tabaka jingine, juu ya utando wa mfupa, ambako hakuna pindo la kuizuia, na mtoto mchanga anaweza kupoteza humo damu nyingi ya mwili wake. Ukiona hivyo, ni hospitali, muda huohuo.

Nguruwe wenye mifupa myekundu

Tulijuaje kwamba mfupa hutengenezwa na utando wake? Habari hii imeanzia mezani, na niliipenda mno kiasi cha kushindwa kuiacha.

Mwaka 1736 daktari wa upasuaji wa London, John Belchier, alialikwa chakula nyumbani kwa mtu mwenye kazi ya kutia vitambaa rangi. Ililetwa nyama ya nguruwe, na Belchier akashangaa kuona mifupa yake ni myekundu. Aliambiwa kwamba nguruwe wale walilishwa pumba zilizobaki kwenye mapipa ya kutilia rangi, na rangi yenyewe ilitoka kwenye mizizi ya mmea fulani. Nyama haikubadilika. Mifupa ndiyo iliyoshika rangi.

Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau alisoma habari hiyo na kuona alichopewa: kalamu ya kuandikia ndani ya mnyama aliye hai. Aliwalisha mizizi ile wanyama wachanga, kisha akawaachisha, kisha akawalisha tena. Alipowachinja na kukata mifupa, alikuta tabaka jekundu, tabaka jeupe, tabaka jekundu, kama pete za mti uliokatwa. Rangi ilikuwa imeshika ule mfupa tu uliojengwa siku za kulishwa. Na mfupa mpya ulikuwa nje, chini kabisa ya utando unaoufunika. Akafanya na jaribio la pili: alizungushia pete ya waya wa fedha juu ya mfupa wa mnyama mchanga, chini ya utando. Baada ya muda pete ikakutwa imezama ndani, mfupa umeifunika. Utando ulikuwa ukijenga kutoka nje.

Kwa mzazi wa leo hili halina umbali sana. Dawa ya tetrasaiklini hushika mifupa na meno yanayojengwa kwa namna ileile, na meno ya mtoto hubaki na madoa ya njano au kahawia maisha yote. Ndiyo maana madaktari huepuka kuwapa watoto walio chini ya miaka minane, na ndiyo maana usichukue dawa iliyobaki ya baba ukampa mtoto.

Karne mbili baada ya Duhamel, watafiti walitumia rangi za aina hiyo kwa panya na nguruwe wachanga ili kuona fuvu hasa linakua wapi. Walikuta kwamba kila mfupa wa paa la kichwa huongezwa kwenye kingo zake, pale penye ungio. Wakati huohuo, utando wa nje huongeza mfupa juu na upande wa ndani hupunguzwa. Mpira mdogo una mkunjo mkali kuliko mpira mkubwa, kwa hiyo kichwa kinapopanuka kila kipande cha paa lake lazima kinyooke kidogo, na hivyo ndivyo kinavyonyooshwa: kuongezwa huku, kulwa kule.

Ubongo huagiza, mfupa hufuata

Ni nini kinachoviambia vipande hivyo vikue lini na kiasi gani? Jibu la kwanza ni ubongo. Mtoto huzaliwa na ubongo wa gramu 350 hadi 400 hivi, na kufikia mwaka mmoja umeongezeka zaidi ya mara mbili. Hakuna mwaka mwingine wa maisha unaolingana na huo. Ubongo unapotanuka unazivuta tando, maungio yananyooshwa, na kwenye kingo mfupa mpya unawekwa kujaza. Fuvu haliupi ubongo nafasi. Ubongo ndio unaojitengenezea nyumba.

Sheria hii tumeiona kwa njia ya kuumiza. Mwaka 2015 na 2016, hospitali za Brazil zilipokea watoto wengi waliozaliwa na vichwa vidogo mno. Mama zao walikuwa wameambukizwa virusi vya Zika wakiwa wajawazito. (Jina hilo ni la msitu wa Uganda ambako virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1947.) Virusi havikugombana na mifupa, vilishambulia ubongo tumboni, na ubongo usiokua hauna mfupa wa kuuagiza.

Jibu la pili ni ule utando wa ndani. Kwenye kichwa cha panya kuna ungio moja, la mbele, linalofunga ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha, na jingine nyuma yake linalobaki wazi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walikikata kipande cha fuvu chenye maungio yote mawili, wakakigeuza mbele nyuma, wakakirudisha. Ungio lililopaswa kubaki wazi sasa likakaa juu ya utando wa mbele, nalo likafunga. Lile lililopaswa kufunga likabaki wazi. Mfupa haukuwa na amri yake mwenyewe. Utando ulio chini yake ndio uliosema funga au subiri.

Utando huo huo una uwezo mwingine kwa watoto wadogo. Daktari akilazimika kuondoa kipande cha mfupa wa fuvu la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na utando wa ndani ukabaki mzima, mara nyingi mfupa mpya huota na kujaza pengo. Kwa mtu mzima pengo hubaki pengo, mpaka lizibwe kwa kipande cha kutengenezwa.

Nimesema haya kwa urefu kwa sababu moja. Mzazi akijua kwamba kichwa kinakua kwa maungio, kwamba maungio yanasikiliza tando, na kwamba yote yanafuata ubongo, atauona utosi kwa jicho jingine. Atauona kama dirisha la kuchungulia mambo ya ndani, na si tundu la kuzibwa. Dawa ya kupaka juu ya dirisha haiponyi kilicho chumbani.

Kusoma utosi

Kwanza, utosi kudunda ni kawaida. Ni mapigo ya moyo yanayopita kwenye mishipa ya damu, nawe unayaona kwa sababu pale hakuna mfupa wa kuyaficha. Kuugusa kwa upole, kumwosha mtoto kichwa na kuchana nywele hakumdhuru. Chini ya ngozi ile kuna utando imara.

Mtazame mtoto akiwa ametulia na umemshika wima. Akilia au akikaza, utosi hutuna kidogo, akilala chali pia huweza kuonekana umejaa. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Katika utulivu unapaswa kuwa karibu sawa na kichwa, au umebonyea kidogo sana.

Utosi ulioingia ndani waziwazi kwa mtoto anayeharisha au kutapika unasema mwili umeishiwa maji. Mara nyingi utaona na macho yaliyoingia, mdomo mkavu, nepi au kitambaa kisicholowa kwa saa nyingi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu. Hapa ndipo nimeshuhudia muda ukipotea. Nimekutana wodini na mama aliyekaa nyumbani siku mbili akipaka utosi wa mwanawe dawa ya majani na kuufunga kitambaa "upande", na mtoto huku anaendelea kuharisha. Simlaumu. Aliona kweli kilichobadilika, ila alikitibu mahali pasipo. Utosi utapanda wenyewe maji yakirudi mwilini. Nyonyesha mara nyingi zaidi, mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na umpeleke kituoni akapimwe na kupewa zinki. Akiwa amelegea, hanyonyi, au anatapika kila kitu, usianze hata kukoroga ORS nyumbani. Ondoka.

Utosi uliotuna na kukaza kwa mtoto aliyetulia, hasa akiwa na homa, ni hatari ya aina nyingine. Ndani ya kichwa shinikizo limepanda. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Mtoto anaweza kuwa analia kilio chembamba kisichobembelezeka, au kinyume chake analala mno, anakataa ziwa, anashikwa na degedege. Hii si ya kusubiri asubuhi.

Swali ninaloulizwa zaidi na marafiki ni utosi ufunge lini. Kwa watoto wengi wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18, lakini tofauti ni kubwa. Wapo wachache wanaofunga kabla ya miezi sita na wapo wanaokaribia miaka miwili, nao ni wazima. Kufunga mapema peke yake si tatizo ikiwa kichwa kinaendelea kukua, kwa kuwa maungio mengine bado yako wazi na mengi hayaungani kabisa mpaka utu uzima. Ukipita miaka miwili bado uko wazi, mwone daktari. Inaweza kuwa matege, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, au maji kichwani.

Futi inayosahaulika

Hapa nina lalamiko. Katika kliniki nyingi nilizoingia, mtoto hupimwa uzito kila mwezi kwa bidii, kadi inajazwa, na kichwa hakiguswi. Dada yangu alihudhuria miezi minne mfululizo, mtoto akiwa na historia ya uvimbe kichwani, kabla hajakutana na mtu aliyetoa futi. Na aliitoa kwa sababu aliombwa.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Futi laini, kama ya fundi cherehani, hupitishwa juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Rudia mara tatu, andika kipimo kikubwa. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, mtoto wa kati wa kiume huzaliwa na mzunguko wa sentimita 34.5 na wa kike 33.9. Akifikisha mwaka mmoja, wa kiume ana 46.1 na wa kike 44.9. Mwendo wake haulingani: miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka karibu sentimita mbili kila mwezi, kisha moja, kisha nusu. Kipimo kimoja hakisemi mengi, maana wapo watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu baba zao wana vichwa vikubwa. Vipimo vitatu au vinne mfululizo ndivyo vinavyosema.

Vikipanda kwa kasi kuliko kawaida, jambo la kwanza la kuuliza ni maji kichwani, ugonjwa ambao kwetu umezoeleka kuitwa kichwa kikubwa. Ubongo hutengeneza maji yake kila siku na kuyatoa kila siku. Njia ikiziba, maji hujaa. Kwa mtu mzima fuvu limefunga, angeumwa kichwa vibaya na kuanguka mapema. Kwa mtoto maungio bado ni laini, nayo yanatii kama yanavyoutii ubongo: yanatanuka. Mtoto anaonekana yupo tu, kichwa kinakua, na kumbe ubongo unakandamizwa. Mishipa ya ngozi ya kichwa huonekana, utosi hutuna, na macho huelekea chini kama jua linalotua.

Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari wa Marekani Benjamin Warf alifika mwaka 2000 na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu kwa tatizo hili walilipata baada ya maambukizi, mengi ya siku za mwanzo za maisha. Tiba ya kawaida ilikuwa mrija unaopitishwa chini ya ngozi kuyashusha maji tumboni. Mrija unasaidia, lakini huziba, huingia vijidudu, na mtoto anayeishi safari ya siku nzima kutoka hospitali anaweza kufa kabla haujabadilishwa. Warf na wenzake waliunganisha njia mbili: kutoboa kwa kamera ndogo njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Watoto wengi wakaepuka mrija. Upasuaji huo ulianzia Mbale, kisha ukafuatwa Marekani. Kwa Tanzania, matibabu ya maji kichwani hutolewa katika hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili na Bugando, Mwanza.

Yapo pia maungio yanayokosea upande wa pili, yakafunga kabla ya wakati. Hilo hutokea kwa mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500. Kichwa hakiwezi kupanuka upande ule, kwa hiyo kinakimbilia kwingine: likifunga ungio la katikati juu, kichwa kinakuwa kirefu na chembamba kama mashua. Tofauti na kichwa cha embe cha siku ya kuzaliwa, hiki hakirudi, kinazidi, na wakati mwingine unaweza kuhisi tuta gumu kwenye mstari wa ungio. Kuminya hakulifungui ungio lililoshikana. Anatakiwa daktari wa upasuaji, tena mtoto angali hajafikisha mwaka, mifupa ikiwa bado ni laini.

Kichwa bapa kisogoni ni habari nyepesi zaidi. Maungio yako wazi, ila mtoto amelala upande mmoja mno. Tangu Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zianze kuhimiza watoto walazwe chali, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu, na vichwa bapa vikaongezeka. Endelea kumlaza chali. Badilisha upande anaotazama, mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe upo, mbebe. Khanga ya mgongoni inakiondolea kisogo uzito kwa saa nyingi. Mto wa kutengeneza kichwa hauhitajiki, na kitandani kwa mtoto mchanga mto ni hatari.

Mtoto wa dada yangu sasa ana miezi saba. Uvimbe ulipokuwa unaisha, kwenye wiki ya tano, alinipigia tena kwa hofu: umekuwa mgumu pembeni, kama ukingo wa kisahani. Safari hii nilikuwa na jibu. Utando uliokuwa umeinuliwa na damu ulikuwa umeanza kujenga mfupa pale pembeni, kazi ileile Duhamel aliyoiona, na ubongo unaotanuka chini yake ungeusawazisha kadiri kichwa kinavyokua. Nilimshauri hata hivyo arudi kituoni. Alirudi, akaambiwa vivyo hivyo.

Jumapili iliyopita nilimpima mwenyewe, sentimita 43 na nusu. Mama yetu alishika mwisho wa futi kisogoni. Sehemu ya uvimbe bado unaweza kuihisi kidogo ukipitisha kidole na ukijua unatafuta nini.